Laki tisa za kikoba: shajara ya kuchagua biashara, Makorora, Tanga

26 Juni 2023

Kikoba chetu cha kuweka akiba kimevunjwa na kila mmoja amepewa fungu lake, Idi ya Kuchinja iko mlangoni, na safari hii mimi na wifi yangu tumekubaliana kwamba fungu letu haliishii kwenye vitenge na mchele wa sikukuu. Tumeunganisha, tumepata shilingi 900,000. Nitakuwa naandika kila tunapopiga hatua, maana wanawake wengi hapa Tanga wako pale pale tulipo sisi: hela ipo, nguvu ipo, lakini nifanye biashara gani?

Leo hatujataja biashara hata moja. Tumekaa kibarazani tukaandika kwanza sisi ni nani. Wifi ana mtoto anayenyonya, kwa hiyo kuamka saa nane za usiku hawezi. Mimi nina mama mkwe ambaye hawezi kukaa peke yake kutwa nzima, kwa hiyo lazima tupokezane. Gari hatuna, jokofu hatuna. Na hizi laki tisa zikipotea, nyuma yake hakuna nyingine.

Kutokana na hayo tumejiwekea swali letu. Watu wengi huanza kwa kuuliza ipi inalipa. Sisi kila biashara tutaiuliza kwanza hela ikishatoka mkononi inarudi baada ya siku ngapi, na mwezi mbaya ukija tunakula nini. Faida kubwa inayokuja baada ya miezi mitatu haitusaidii, kwa sababu hatuna miezi mitatu ya kusubiri.

4 Julai

Tumekwenda Sahare kuuliza habari za dagaa mchele. Shoga yangu mmoja anauza, anavaa vizuri, watoto wanasoma. Tulikuta vyombo vimepandishwa mchangani na wavuvi wamekaa kivulini wanashona nyavu. Mwezi ni mpevu. Dagaa hawa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na ile taa ndiyo inayowakusanya. Mbalamwezi ikitapakaa baharini taa haina kazi, wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Halafu sasa ni kusi, bahari imechafuka, hata giza likirudi si kila usiku wanatoka.

Mama mmoja anayechemsha na kuanika alituonyesha kazi yenyewe. Dagaa wanaingia kwenye maji ya chumvi yanayotokota, wanatolewa mapema wasivunjike, wanatandazwa juani. Jua likiwa kali wanakauka siku hiyo hiyo na wanabaki weupe. Wingu likifunga wanalegea, wanabadilika rangi, na mnunuzi wa jumla anakupangia bei anayotaka yeye. Alituambia wazi, "Wanangu, masika mimi huwa nakula nilichoweka kiangazi."

Ni biashara ya kweli na ina hela. Lakini inamfaa aliye na akiba ya kumvusha kipindi cha mwezi na kipindi cha mvua. Sisi akiba hatuna, mtaji ndio huo huo akiba. Tumeiweka pembeni kwa heshima zote.

15 Julai

Tatu kwa mpigo, maana hazikutuchukua muda.

Machungwa ya Muheza. Msimu umepamba moto na bei shambani ni ya chini, ndiyo maana kila mtu anatuambia twende. Lakini bei ni ya chini kwa sababu mashamba yote yameiva pamoja, na malori ya wafanyabiashara kutoka Kenya yananunua kwa lori zima. Sisi tutanunua matenga mangapi? Na msimu ukiisha tunafanya nini? Hapana.

Uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Unahitaji hela pande mbili kwa wakati mmoja, taslimu kwenye droo na salio kwenye simu, tena kila mtandao na salio lake. Mteja akitaka kutoa laki mbili usiwe nazo, kesho haji. Laki tisa ukizigawa pande zote hizo zinakuwa nyembamba mno. Na kukaa kibandani jioni na pesa za watu, wote wawili tumeona haitufai.

Maandazi na vitumbua. Hapa ndipo majirani wote wanapotusukuma, kwa sababu mimi nasifiwa vitumbua. Mtaani kwetu wapo tayari akina mama wanaouza asubuhi, na wateja wao ni wale wale wanafunzi na watu wa maofisini. Shule zikifungwa Juni na Desemba wanauza nusu. Lakini kubwa ni ile saa nane ya usiku. Wifi hawezi, na mimi nikiibeba peke yangu haitakuwa biashara ya watu wawili. Kujua kupika kitu hakukulazimishi ukiuze. Nimeandika hivi kwa sababu naona wengi wanaingia biashara kwa kusifiwa mkono, kisha usingizi unawashinda.

29 Julai

Leo kuna jambo.

Nilikuwa Soko la Makorora asubuhi, nimesimama kwa mzee mmoja anayeuza nazi. Akaja binti amevaa sare ya kazini, akachagua nazi mbili, akauliza, "Shikamoo babu. Mkunaji yuko wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Leo hajaja, yuko Korogwe msibani."

Binti akazirudisha nazi zote mbili kwenye lundo, akaondoka. Nikadhani ni yeye tu. Nikabaki pale nikijifanya nachagua, nikaona wengine wakifanya vile vile, akiwemo mama lishe aliyetaka nazi sita za wali na maharage ya mchana. Yeye hakuondoka. Alizichukua, lakini alinung'unika kwamba msichana wake atakaa kwenye mbuzi wa kukunia mpaka saa nne na moto bado haujawashwa.

Nazi zilikuwepo na wanunuzi walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kukuna.

Nimerudi nyumbani mbio kumwambia wifi. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Wifi, hapa Tanga kuna nyumba isiyopika nazi?" Tukaanza kutaja: wali, maharage, mbaazi, mchicha, muhogo, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina. Ramadhani ndiyo usiseme, jioni nzima ni tui. Lakini wanaotaka kukalia mbuzi wanapungua. Wasichana wako kazini na vyuoni, nyumba nyingine za kupanga hazina mbuzi kabisa, na wazee migongo inauma.

Wenye mashine za kukunia wapo kwenye masoko ya mjini. Sehemu yetu hii ya Makorora yupo yule mama mmoja na mbuzi wake. Kabla ya yote tumekubaliana kumfuata akirudi, tuzungumze naye. Hatutaki kujenga riziki yetu juu ya mgongo wa mtu.

12 Agosti

Tumezungumza na yule mama mkunaji. Anasema mikono imechoka, na akiona nazi ishirini za mpigo anaogopa. Hakukataa. Ameomba kitu kimoja, kwamba nazi zinazotaka kukunwa kwa mbuzi tumpelekee yeye, kwa sababu wapo wateja wanaoamini nazi ya mbuzi ni laini zaidi. Tumemkubalia. Shikilieni hili.

Sasa tunajifunza nazi yenyewe. Nilidhani naijua. Mzee muuzaji amenifundisha kuichagua kama vile mtu anamfundisha mjukuu kusoma. Anaishika karibu na sikio anaitikisa: maji yakicheza kwa wepesi ni nazi kavu iliyokomaa vizuri, yasiposikika kabisa, ama maji yamekauka ama imepasuka ndani. Kisha anaigeuza kuangalia macho matatu. Jicho likiwa na unyevu au ukungu, imeshaanza kuoza. Mwisho anaipima uzito kiganjani, akilinganisha na nyingine ya ukubwa ule ule, kutafuta joya, ile nazi ambayo ndani ni sponji isiyotoa tui. Koroma, nazi ambayo haijakomaa, haipokei hata kwa bei ya bure, maana tui lake ni maji matupu na mteja atarudi analalamika.

Mzigo wake unatoka Pangani na Mkinga, mwingine vijiji vya Muheza. Mkwezi anaangua, mwingine anafua kwenye kifuo, halafu gari. Kila mkono una bei yake. Anasema zamani nazi zilikuwa nyingi kuliko watu. Leo minazi mingi ni mizee na ugonjwa wa kunyong'onyea umeangusha mashamba mazima hapa pwani. Mnazi mchanga wa aina yetu ndefu unahitaji miaka kadhaa ndipo uzae, na waliopanda mipya si wengi. Kwa hiyo bei ya nazi haiko mikononi mwetu na haitakuwa. Nimelipigia mstari hilo.

Faraja ni kwamba nazi ni mvumilivu. Iliyokomaa, ikikaa pakavu na penye hewa, inasubiri wiki kadhaa. Ikishakunwa ndiyo haingoji: kwa joto la Tanga, nazi iliyokunwa asubuhi jioni inanuka uchachu. Maana yake ni kukuna mteja akiwa amesimama.

26 Agosti

Leo ni siku ya hesabu, na ndiyo siku niliyojifunza zaidi tangu tuanze. Naiandika kwa urefu kwa makusudi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kununua nazi kwa jumla, kuzikuna na kuziuza. Ya pili ni kukuna tu: nazi inabaki ya muuzaji au ya mteja, sisi tunalipwa kazi.

Njia ya kwanza kwa bei tulizozikuta: nazi 700 ikifika sokoni. Katika kila ishirini moja ni mbovu au joya, kwa hiyo gharama halisi ya nazi nzima inakaribia 740. Ikikunwa tunaiuza 1,100. Tukiuza 40 kwa siku, siku 26 za mwezi, mauzo ni 1,144,000, na kinachobaki baada ya kununua nazi ni kama 375,000. Wifi akafurahi.

Njia ya pili: kukuna nazi moja 200. Kwa tulivyohesabu watu wanaopita kwa wauzaji nazi wa upande ule, pamoja na mama lishe, nazi 80 kwa siku zinawezekana. Hiyo ni 16,000 kwa siku, 416,000 kwa mwezi, bila kununua nazi hata moja.

Halafu ikaja kodi. Mfanyabiashara mdogo kama sisi halipi kodi ya mapato kwa faida, analipa kwa mauzo ya mwaka. Kwa viwango vya mwaka huu wa 2023, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayalipiwi. Yakiwa kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000, anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yakivuka milioni 11 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Weka njia zetu mbili juu ya meza. Kuuza nazi, mauzo ya mwaka ni 13,728,000, kodi 480,480. Kukuna tu, mauzo ya mwaka ni 4,992,000, kodi 29,760 tukiwa na daftari, au 100,000 tukiwa hatuna. Kinachobaki mkononi kwa mwezi kinakaribiana, lakini kodi ya ile ya kwanza ni zaidi ya mara kumi na sita. Sababu ni kwamba kwenye kuuza, kila shilingi inayopita mikononi mwetu kwenda kwa mkwezi na mwenye gari inahesabiwa kuwa ni mauzo yetu.

Kwa kweli sikuwahi kusikia mtu akilisema hili kwenye semina za ujasiriamali. Wanasema tafuta wazo, tafuta mtaji, jiamini. Lakini biashara yenye mauzo makubwa na faida nyembamba na biashara yenye mauzo madogo na faida nene ni vitu viwili tofauti hata kama mwisho wa mwezi zinakuachia kiasi kile kile. Aliye na faida nyembamba, bei ya jumla ikipanda shilingi hamsini tu, faida yake inamegwa papo hapo. Sisi nazi ikipanda hatupotezi mtaji. Labda tutapungukiwa na wateja kidogo.

Na ile 100,000 dhidi ya 29,760 ni tofauti ya daftari la shilingi elfu mbili. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Wifi ndiye atakayeandika, hati yake inasomeka.

Tumeamua. Kukuna.

Watu wanatuuliza kwa nini tusisubiri mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawiwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kwanza ulisitishwa Aprili 2023 utaratibu upangwe upya. Pili, ni wa vikundi, na sisi ni wawili. Ukirudi na biashara ikiwa imesimama tutalizungumza.

23 Septemba

Mgao wa umeme umeanza kuuma. Mashine tuliyoagiza kwa fundi ni ya mota ya umeme, na huku umeme unaondoka asubuhi au jioni, saa zile zile ambazo watu wanapika. Watu wawili wametushauri tuache kabisa. Fundi akashauri tufunge injini ndogo ya petroli. Tumepiga hesabu: petroli imepita 3,200 kwa lita mwezi huu, na wiki kadhaa vituo vingine havina kabisa. Injini pia inataka hela ambayo ndiyo akiba yetu, na moshi karibu na chakula siutaki.

Hapa ndipo yule mama wa mbuzi anaporudi. Umeme ukikatika, nazi zitakwenda kwake na mimi nitakaa kwenye mbuzi wa pili ubavuni mwake. Malipo yake ni yake, hatukati kitu. Nimejaribu kujipima: mkono wangu unakuna nazi moja kwa dakika kama nne hivi, kwa uangalifu, bila kufika kwenye ile ngozi ya kahawia ya ndani inayolitia tui rangi. Si kasi ya mashine, lakini mteja haondoki mikono mitupu. Biashara nyingi zilizotegemea umeme mwezi huu mlango umefungwa, za vinyozi, za juisi, za kuchomelea. Yetu ina mguu wa pili ambao hauhitaji kitu ila kibao chenye chuma cha meno.

Kuna jingine limejitokeza ambalo halikuwa kwenye hesabu. Wateja wengi hawataki vifuu, watatuachia. Vifuu vinawaka vizuri, na mama lishe mmoja ameshasema atavichukua kwa gunia. Hatujavipangia bei, siku za mwanzo vitakuwa bure kwake kwa sababu ndiye atakayetuletea nazi nyingi.

14 Oktoba

Tulipofikia.

Mashine imekamilika kwa fundi wa kuchomelea Ngamiani, 380,000. Tuliikataa ilivyokuwa mwanzo: kichwa cha meno kilikuwa wazi pande zote na kinazunguka kwa kasi ya kutisha. Tumemwomba aongeze kinga ya bati inayoacha nafasi ya nusu nazi tu, na swichi ameileta mbele pale mkono wa kushoto unapofika bila kuinama. Mikono miwili ndiyo mtaji mkubwa hapa. Na nguo za kujifunga ovyo, ncha za khanga na mitandio, tumekubaliana haziruhusiwi mbele ya mashine. Ni aproni na kilemba kilichofungwa nyuma.

Meza, nyaya na mita ndogo ya umeme vimekula 60,000. Pango la kibaraza miezi mitatu, 120,000. Zimebaki 340,000, hazitaguswa.

Namba ya mlipakodi tumepata kwa namba zetu za kitambulisho cha taifa (NIDA), bure. Tumepima afya kwa sababu tunashika chakula cha watu, vyeti vitabandikwa ukutani. Leseni ya biashara inafuatiliwa, karatasi ziko halmashauri.

Zamu: wifi asubuhi mpaka saa saba, mtoto akiwa kwangu, mimi saa tisa mpaka magharibi, mama mkwe akiwa kwake. Katikati tunafunga, tunaosha mashine kwa maji ya moto, maana mabaki ya nazi kwenye meno yakilala yanaharibu ya kesho.

Kipimo cha kuendelea au kubadilika tumeshakiandika, ili tusije tukadanganywa na shangwe za wiki ya kwanza. Pango, umeme na vidogo vidogo ni 70,000 kwa mwezi. Tukitaka kila mmoja apate walau 100,000 yake, tunahitaji nazi 52 kwa siku kwa bei ya 200. Wifi atajumlisha kila Jumamosi. Mpaka mwisho wa Desemba wastani ukiwa juu ya 52, tunaanza kuweka pembeni hela ya kichwa cha pili kabla ya Ramadhani, ambayo itaangukia Machi. Ukiwa chini, tutaanza kuweka nazi zetu chache pale pale, magunia mawili tu, tuone mauzo yakichanganyika inakuwaje, na kodi tutaipigia hesabu upya.

Tunafungua Jumatatu. Mzee wa nazi ametusogezea lundo lake hatua chache kutoka kwenye meza yetu, na bei ya kukuna imeandikwa kwa chaki kwenye kibao: nazi moja 200, kuanzia kumi 150 kila moja.